Vijiko vya Bi Kioo

Ukimkaribisha Bi Kioo nyumbani kwako, usishangae. Kabla hajakujulia hali, kabla hata hajakaa, mkono wake utakuwa umeshafika ukutani. Ataupapasa ukuta wako kwa kiganja, taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma, halafu ataguna. Akiguna mguno mfupi, jua nyumba yako inakalika. Akiguna mrefu, jua aliyekupigia lipu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Jirani mmoja alikoma kabisa kumwalika. "Anakuja kunywa chai tu," alilalamika, "halafu mimi nabaki wiki nzima naangalia ukuta."

Jina hilo la Kioo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ukuta wa Bi Kioo hata uumulike taa kwa ubavuni, mahali ambapo kila bonde na kila kilima hujitoa chenyewe, hutaona kitu. Mji ule ulikuwa na wanawake wawili tu waliopiga lipu, na wote wawili walitoka tumbo moja. Wa pili ni mdogo wake, waliyempachika jina la Kicheko. Sasa hapo ndipo penye maneno. Bi Kioo alikuwa fundi hodari, mke mwema, mama asiyelala njaa kwa uvivu, lakini kwa huyo mdogo wake alikuwa na wivu, jamani, wivu ule wa kumfanya mtu ageuke geuke kitandani kama anatafuta kunguni.

Wivu wenyewe ulianza zamani. Baba yao alikuwa fundi lipu asiyejaliwa mtoto wa kiume, wala hakulia. Aliwachukua binti zake wote wawili akawapeleka kazini. Mkubwa alijifunza huku kakunja uso. Akiambiwa rudia kona, anarudia, anarudia tena, mpaka kona inamwogopa. Mdogo yeye alijifunza kwa kucheka. Akirusha lipu ikamrudia usoni anacheka, na baba, ambaye mkubwa hakuwahi kuona meno yake, naye anacheka. Kumbe mzee anajua kucheka! Mkubwa alisimama pembeni na mwiko mkononi, ukuta wake umenyooka, hakuna anayeutazama.

Siku mgongo wa mzee ulipokataa kazi aliwaita wote wawili. Akatoa mwiko wake wa lipu, ule ambao mpini wake wa mti ulikuwa umeshachongeka umbo la vidole vyake, akampa mdogo.

"Na mimi, baba?" mkubwa akauliza.

"Wewe huhitaji," mzee akasema, akaenda kujilaza.

Basi, ikawa hivyo. Maneno mawili tu, lakini yalimkaa Bi Kioo kooni kama mwiba wa samaki. Mzee alikuja kufa, wakamzika, wakalia pamoja, wakagawana vyombo vyake bila ugomvi, na mwiba bado uko pale pale. Kila akipita mahali Kicheko anapofanya kazi, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye ule mpini.

Bi Kioo aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole mwenye utani, wakapata mtoto mmoja, binti. Tangu anaanza kusema, binti yule alikuwa mtu wa hoja. Ukimwambia kalale, anakuuliza umesema nikalale au nikajilaze, maana kujilaza amekwisha kujilaza. Mtaa mzima ukamwita Wakili, na mama yake akalipenda jina hilo, akaona ni utabiri. Mwanangu atavaa joho jeusi, alisema. Mwanangu hatapakwa saruji.

Basi mwaka ambao Wakili alikuwa anamaliza shule, mwalimu mkuu alimfuata Bi Kioo mpaka kazini, akamkuta juu ya jukwaa.

"Mama, nisaidie," mwalimu alisema. "Vijana wote wanataka ofisi. Nikiwauliza nani atazijenga hizo ofisi, wanatazamana. Mafundi wanazeeka, na hakuna anayetaka kuwa mwanagenzi. Njoo uzungumze nao."

Bi Kioo akakubali, na siku ilipofika akaenda na nguo zake za kazi, karai la lipu kichwani. Vijana wakacheka. Wengine walipiga miluzi.

"Chekeni," akawaambia. "Mkimaliza mniambie." Wakanyamaza. "Leo mkirudi nyumbani, shikeni ukuta wa chumba mnacholala. Hakuna shubiri moja ya ukuta huo ambayo mtu hakuipapasa kwa mkono wake. Wewe unaegemea, unaweka kichwa, unatundika picha, humjui. Mtu huyo sasa anazeeka na magoti yanamlia. Nauliza, mwiko wake nani ataushika? Mtangoja kuta zijipige lipu zenyewe?"

Halafu akageukia nyuma ya darasa, palipokuwa na ufa wa miaka mingi, akachota lipu, akarusha. Paa! Ikanasa. Akarusha tena, akavuta ubao, akasawazisha, huku anawaita mmoja mmoja waje wajaribu, na waliokuwa wanapiga miluzi ndio waliogombania karai. Aliwaambia uanagenzi si adhabu ya walioshindwa mtihani. Aliwaambia fundi hodari hana haja ya kumpigia mtu magoti. Mwalimu mkuu alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Na kule nyuma kabisa, Wakili alikaa kimya, jambo ambalo kwa mtoto yule lilikuwa la kutisha.

Jioni yake, sahani zikiwa bado mezani, Wakili akasema, "Mama, nataka kuwa mwanagenzi wa lipu."

Bi Kioo akacheka. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, akaacha. "Mwanagenzi wa nini?"

"Wa lipu. Ulivyosema shuleni."

"Yale niliwaambia watoto wa watu!"

"Na mimi si mtoto wa mtu?"

Fundi cherehani akainamia sahani yake haraka, mabega yanamtikisika.

"Sikukusomesha uje kukaukiwa na saruji masikioni," Bi Kioo akasema. "Nilipowaambia wale nilikuwa nasema kweli, na ninapokukataza wewe pia nasema kweli. Kwangu hutagusa mwiko. Umenisikia? Kwangu, mwiko hutaugusa!"

"Nimekusikia, mama," Wakili akajibu, akainuka kuosha vyombo.

Ewe mama, mtoto wako unamjua, kwa nini hukuyapima maneno? Asubuhi ya Jumatatu Wakili aliondoka mapema na fulana kuukuu ya baba yake, na jioni aliporudi alikuwa na saruji kwenye nyusi. Alikuwa kwa mama mdogo. Alikuwa kwa Kicheko.

"Si nilikukataza?"

"Ulisema kwako," Wakili akasema. "Kwako sijagusa."

Bi Kioo aliingia chumbani akafunga mlango. Mumewe alipomfuata alimkuta amesimama, anapapasa ukuta. "Alianza na baba," akasema bila kugeuka. "Sasa anachukua na mtoto."

"Hajamchukua, mama Wakili. Si analala hapa hapa?"

"Analala hapa. Anaamkia wapi?"

Fundi cherehani akarudi kwenye cherehani yake.

Kuanzia hapo, ndugu yangu, wivu ukapata kazi ya kudumu. Wakili akirudi anasimulia: mama mdogo kasema hivi, mama mdogo kafanya vile, leo mama mdogo kateleza kwenye jukwaa tukacheka mpaka tukakaa chini. Na akicheka, jamani, anacheka kicheko kile kile, cha kurusha kichwa nyuma! Bi Kioo alikaa akimtazama mwanawe mwenyewe kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na jirani. Alitaka kumuuliza, anakufundishaje kuchanganya mchanga? Anakwambia ushike mwiko wapi? Lakini kuuliza ingekuwa kukubali. Akanuna. Akamtuma mumewe amuulizie, naye akarudi na habari kwamba kila kitu ni kizuri, na hiyo ndiyo habari ambayo Bi Kioo hakuitaka.

Halafu vijiko navyo vikaanza kupotea. Vile vijiko vikubwa vya mezani, kila baada ya muda kimoja hakionekani. Kwanza alimgombeza mumewe kwamba anaviacha kazini na chakula chake. Mumewe akaapa. Kisha siku moja akamwona Wakili anachomeka kijiko mfukoni wakati wa kutoka, na roho ikamwingia baridi. Kumbe! Wanakula pamoja. Kicheko anapika, mtoto anabeba vijiko. Na vyombo vyangu vinahamia!

Aliamua kwenda kuona mwenyewe. Kisingizio hakikukosekana: alimwambia saidia fundi wake kwamba anakwenda kuulizia mchanga, ingawa mchanga ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Alisimama nyuma ya rundo la matofali kwenye jengo alilofanyia kazi mdogo wake, akachungulia. Na alichokiona ni hiki: Kicheko amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapepea uso kwa kipande cha boksi, na Wakili amesimama mbele ya ukuta, na mkononi mwa Wakili umo mwiko wa mzee.

Bi Kioo alirudi njia nzima bila kusalimia mtu. Aliowapita walisema labda amefiwa.

Kesho yake alichukua mwanagenzi. Alikuwa kijana wa mtaa wa nyuma, jitu la mtu, mikono kama majembe na moyo laini kama ugali wa moto, ambaye wote walimwita Bonge. Alikuwa mmoja wa wale waliopiga miluzi shuleni, na tangu siku ile ya ufa alikuwa hakosi kuja kumwomba. Sasa ombi likajibiwa. Maskini Bonge alifikiri amependwa.

Si kwamba Bi Kioo hakumfundisha. Alimfundisha kuchanganya, kurusha, kuvuta ubao, kunyunyiza maji kabla ya jua kunyonya ukuta. Lakini alimfundisha kama mtu anayenoa panga. Kila mwaka umoja wa mafundi uliwapima wanagenzi waliomaliza: kila mmoja ukuta wake mmoja, na atakayeshinda huingizwa moja kwa moja kwenye kazi kubwa ya mwaka huo, ambayo safari hii ilikuwa ukumbi mpya wa mji. Atakayeanguka hurudia mwaka mzima. Bi Kioo hakutaka kitu kingine duniani ila Bonge ashinde, na yule wa Kicheko aanguke, arudi nyumbani, asahau lipu, akavae joho. Ndiyo, mwanawe mwenyewe. Alijiambia anamtakia mema.

"Ukikutana naye kwenye mtihani usimwachie jicho," alimwambia Bonge kila siku. "Mwangalie anafanya nini. Akifika kona, angalia. Akipanda jukwaa, angalia. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," Bonge akajibu.

Kitu kimoja tu hakumwonyesha. Kila fundi ana siri yake, na ya Bi Kioo ilikuwa kona. Kona ya ndani, pale kuta mbili zinapokutana, ndipo mafundi wengi huacha aibu. Bi Kioo alingoja wenzake waende kula, halafu akatoa mfukoni kijiko cha mezani, akakilaza kwa mgongo wake, akakipitisha kwenye kona kutoka juu hadi chini bila kupumua. Kona ikatoka laini, imebonyea kidogo sana, kama imelambwa. Hakumwonyesha hata mtu mmoja. Bonge naye alikuwa anatumwa maji kila zinapofika kona.

Siku ya mtihani mafundi wote walizuiwa kukaribia. Wanagenzi walichota namba kutoka kwenye kofia, kila mmoja akapewa ukuta katika vyumba vya chini vya ule ukumbi mpya, vinavyoonana kupitia milango, wakafanya kazi, wakaondoka. Kuta zikaachwa zikauke. Halafu wakaitwa wakaguzi watatu, ambao hawakuambiwa ukuta upi ni wa nani. Kicheko aliombwa awe mmoja wao, akakataa, akasema hawezi kumkagua mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Bi Kioo aliombwa, na hakukataa.

Wenzake walikuwa Mzee Nyundo, seremala, mwenyekiti wa umoja, na fundi rangi mmoja, mtu anayejua dhambi zote za mafundi lipu kwa sababu ndiye anayelipwa kuzifunika. Madirisha yalizibwa kwa mbao, vyumba vikawa giza mchana kweupe, wakawasha taa na kumulika kila ukuta kwa ubavuni.

Mzee Nyundo alikuwa anatafuta kuta nzuri. Bi Kioo alikuwa anamtafuta Kicheko. Na alijua pa kumtafutia. Mdogo wake ni mfupi. Mkono wake unapokoma lazima aache kazi akavute boksi la kupandia, na katika kuvuta na kupanda, lipu ya chini inaanza kukauka. Ya juu ikija kukutana nayo, pale zinapoungana hubaki mkanda mwembamba sana, usioonekana mpaka uumulike. Bi Kioo aliuita mkanda wa Kicheko. Yeyote aliyefundishwa na Kicheko, aliamini, atakuwa nao.

Ukuta wa kwanza hauna, wa pili una mabonde ya kawaida. Ukuta wa tatu, taa ikapita, na huo hapo! Mkanda, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Damu ilimchemka kwa furaha. Angekuwa na akili zake angejiuliza mbona mkanda wenyewe uko chini kiasi kile, kifuani pa mtu mrefu, ambapo hata mkono wa mtu mfupi haujakoma. Lakini mwenye wivu akishaona anachokitaka hana muda wa kupima.

"Hiki ni kitu kidogo," Mzee Nyundo alisema. "Apewe onyo, apite."

"Kidogo?" Bi Kioo akang'aka. "Mzee, leo mkanda, kesho ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo hata watoto wanaijua. Huyu hakufundishwa. Aliyemfundisha ndiye mwenye kosa, na dawa yake ni moja: arudie mwaka."

"Mimi nimechoka kufunika," fundi rangi akasema. "Arudie."

Mzee Nyundo akainamisha kichwa. "Wewe ndiye unayeijua lipu," alimwambia Bi Kioo. "Arudie."

Wakaendelea. Kwenye ukuta wa mwisho Bi Kioo alisimama. Taa ilipita bila kukamata kitu. Hakuna bonde, hakuna kilima. Akasogea kwenye kona, akaweka kidole, akakishusha taratibu. Kona ilikuwa laini, imebonyea kidogo sana, kama imelambwa.

Ah, Bonge! Umechungulia! Kumbe ukitumwa maji hufiki! Alitaka kukasirika, akashindwa, uso ukamchanua. "Huu," alisema kwa sauti iliyojaa chumba kizima. "Huu ndio wa kwanza. Kwa hili sibishani na mtu. Mkono huu umefundishwa."

Hata Mzee Nyundo alishangaa, maana Bi Kioo hakuwa mtu wa kusifu.

Wakafungua milango. Mafundi wakaingia, Kicheko akiwa nyuma yao, na wanagenzi wakaambiwa kila mmoja akasimame penye ukuta wake. Bi Kioo alijipanga uso: huruma kidogo kwa binti yake, tabasamu kidogo kwa Bonge. Bonge akaingia, anazungusha kofia mkononi. Akapita katikati ya watu. Akaenda akasimama kwenye ukuta wa tatu.

Bi Kioo alimwashiria kwa jicho: si hapo, nenda mbele! Bonge akamtazama tu. Na mbele, penye ukuta wa mwisho, penye ile kona, alikuwa amesimama Wakili.

"Wewe!" Bi Kioo alimwendea Bonge. "Ule mkanda umetoka wapi? Lini nilikufundisha kuachia lipu katikati?"

"Mama," Bonge akasema polepole, macho yamemlowa, "si ulisema nisimwachie jicho? Nilifika kifuani, nikamwona ametoa kitu mfukoni, anakwenda kwenye kona. Nikakumbuka ulivyosema. Nikaenda kumwangalia. Niliporudi ilikuwa imeshakauka."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema anavyojisikia akiwa humo ndani. Bi Kioo alisimama, watu wote wanamtazama, na katika kuta zote zile hakuna hata mmoja wa kuupapasa.

Kicheko akamsogelea. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Dada," alisema, "najua unafikiri nimekuibia. Lakini ile kona sikumfundisha mimi. Mimi mwenyewe siijui. Nilimpa mwiko wa baba, nikamwambia, malizia kona zako na huu. Akajaribu, akanirudishia. Akasema yeye ana chake."

Kisha akaongeza, "Baba alikuwa na maana. Mimi ndiye niliyeuhitaji."

Bi Kioo alimgeukia mwenyekiti. "Mzee Nyundo, ule mkanda ni wangu. Mtoto alifanya nilichomwambia. Mpitisheni."

"Umeukagua wewe, umehukumu wewe," Mzee Nyundo alisema kwa upole. "Nikigeuza leo kwa sababu umejua ni wa nani, kesho nani atatuamini? Atarudia."

"Nitarudia," Bonge akasema. Akafuta pua. "Ila naomba, kama hamtakasirika, nikarudie kwa Mama Kicheko."

Loo! Mtu akipigwa apumzishwe kwanza. Wivu ulimpanda upya Bi Kioo hadi masikioni, mpya kabisa, kana kwamba hakujifunza kitu mchana kutwa. Alifungua mdomo. Akautazama ule mkanda. Akaufunga. "Nenda, mwanangu," alisema. "Atakufundisha vizuri. Na kona nitakuonyesha mimi, uje Jumamosi. Hilo ni deni langu."

Jioni walikaa nyumbani wakingoja chakula. Wakili alikuwa ameingia kazi ya ukumbi, na alikwisha kusema ataifanya akiwa chini ya mama mdogo, kwa sababu ndiye aliyempokea alipokatazwa. Hoja hiyo haikuwa na tundu. Chakula kilipoiva, Wakili alitoa mfuko, akamwaga mezani vijiko. Vyote. Migongo yake imekwaruzwa na saruji, mingine imelika upande.

"Ndivyo hivi!" fundi cherehani akapiga kelele. "Na mimi niliyeitwa mwizi?"

Bi Kioo aliokota kimoja, akakigeuza. "Nani alikuonyesha?"

"Wewe."

"Uongo. Sijawahi kumwonyesha mtu."

"Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanilaza juu ya mifuko ya saruji," Wakili akasema. "Watu wakienda kula, unafikiri nimelala. Sikuwa nimelala, nilikuwa nimejilaza."

Baba yake akaanza kucheka, akajizuia.

"Nilikukataza," Bi Kioo akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Ulinikataza mwiko, mama. Kijiko hukukitaja."

Bi Kioo akakisugua kile kijiko kwa kidole gumba. "Mwiko wa babu yako ulikuwa mkononi mwako. Mwiko ule mimi…" Akakiweka kijiko mezani. "Kwa nini uliurudisha?"

Wakili naye, mtu wa hoja, safari hii alichelewa kujibu. "Nilijua watakuita ukague, nawe utapita na taa," alisema. "Kwa lipu ya mama mdogo ungepita tu. Nilitaka usimame."

Bi Kioo aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikwenda kwenye kona ya jikoni, nyuma ya meko, akakaa huko amewapa mgongo kwa muda. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu na uso umekunjwa kama kawaida yake.

"Njoo hapa," akasema. "Shika kijiko nione."

Wakili akashika, akakiweka kwenye kona.

"Nilijua. Umekishika kama mtu anayekunywa uji. Uliangalia ukiwa umejilaza, ndiyo maana umeona upande mmoja. Legeza kifundo." Akamshika mkono, wa kwake juu, wa binti chini, wakashuka pamoja kwenye ukuta mkavu, taratibu, hadi sakafuni. "Tena. Usipumue."

Wakashuka tena. Fundi cherehani alisogeza sufuria ili wasiipige teke, akaendelea kula kwa mkono.

"Na kesho," Bi Kioo akauliza, na wivu bado ulikuwemo, haukuwa umehama, "Kicheko akiona kona zimebadilika, akikuuliza nani kakufundisha, utamwambia nini?"

"Hataniuliza, mama," Wakili akasema. "Anajua."

Bi Kioo aliguna, mguno mfupi.